Kadi Ilisema Skintaiti

Mnaonijua mnajua. Mimi si mtu wa kutafuta balaa. Balaa ndilo linanitafuta mimi, tena linakuja limeshaelekezwa mpaka mlango wa uani. Nimekaa zangu hapa dukani kwa Mangi, Mwembesongo, Morogoro, na soda yangu ya mkopo, simu inaita. Na simu yangu ikiita, jueni si mtu wa kunitumia hela. Ni kamati.

Kamati ya sendofu. Binti wa shemeji yangu anaagwa. Sikuulizwa, sikushauriwa, nimeamka asubuhi nikajikuta nipo ndani ya grupu la WhatsApp kama mtu aliyezolewa na mgambo usiku. Meseji mia mbili na kitu. Huyu kaahidi laki tano. Yule kaahidi kreti kumi. Mimi nikaahidi elfu hamsini, nikapigiwa makofi, yale ya vikatuni vya mikono. Matatu. Nilihesabu. Wa laki tano alipigiwa mpaka simu yangu ikaganda.

Nikalipa kwa awamu kama mtu anayenunua kiwanja. Elfu kumi. Elfu kumi na tano. Elfu tano, nikakaa kimya wiki mbili. Awamu ya mwisho nikaituma siku tatu kabla ya shughuli, na mhazini akanijibu kwa neno moja mbele ya watu wote: "Hatimaye."

Ndipo kadi ikaja. Na kadi za siku hizi hazishikiki, ni picha ya kwenye simu. Simu yangu nayo mnaijua. Mwaka juzi iliniponyoka nikishuka daladala ya Kihonda, kioo kikapata ufa kutoka kona ya juu mpaka kona ya chini. Ufa unapita katikati ya kila kitu. Nikitumiwa picha ya familia, lazima kuna ndugu hana pua.

Kadi yenyewe nzuri. Maua pembeni, jina la binti limeandikwa kwa mwandiko wa mikia mikia, ukumbi, saa, namba za wahusika. Chini kabisa, kwa Kiingereza, mambo ya mavazi. Hapo nilielewa, si mjinga kihivyo. Halafu likafuata neno la vazi lenyewe. Linaanza s, c, i, n, t, i. Kisha ufa. Kisha t, i, n, g.

Nikasoma: skintaiting.

Msinicheke bado, subirini. Wewe ungesoma nini? Skauti kwa Kiingereza inaandikwa kwa s na c. Skafu, s na c. Skeli, s na c. Kwa hiyo hii ni ski. Na skintaiti nani haijui? Ipo kila fungu la mitumba pale soko la Mawenzi, kile kivazi cha kubana wanachovaa kina mama ndani ya gauni upepo usiwatie aibu. Nikajisemea ni mambo ya vijana. Kila sherehe siku hizi ina sheria yake. Harusi moja mwaka jana walituambia wanaume tuje na rangi ya zambarau iliyopauka. Nikaja na shati la zambarau lililopauka lenyewe kwa jua, na bado nikaambiwa siyo hiyo.

Nikamwuliza mama watoto, "Kadi inataka tuvae nini?" Akajibu bila kuacha kuchambua mchele, "Vya kung'aa." Yeye alikuwa ameisoma kwenye simu ya dada yake, simu ya kioo kizima. Mimi nikachukua kung'aa kwa maana ya kupendeza, si mtu anaambiwa leo umeng'aa? Kubana na kung'aa, nikaona vinakwenda pamoja. Ndoa yetu ina miaka ishirini na tatu, na mawasiliano yetu ndiyo hayo.

Sasa skintaiti yenyewe siwezi kuvaa ukumbini. Nina wakwe. Nikawaza, nikapata suluhu ya mtu mzima: suruali ya modo. Mpwa wangu yuko chuo, anayo moja rangi ya ugoro, akiivaa miguu yake inakuwa kama mistari ya daftari. Nikaiazima. Akaniangalia, akaiangalia suruali, akaniangalia tena. "Anko, una uhakika?" Nikamwambia wewe lete, sisi wa zamani tumevaa vya kubana kabla hujazaliwa.

Jamani, modo haivaliwi. Modo inaingiwa, kama pango. Mguu wa kwanza uliishia kwenye kifundo, ukagoma. Kijana akanifundisha ujanja: unavaa mfuko wa plastiki mguuni kwanza, unateleza, kisha unauchomoa mfuko kwa chini. Mifuko yenyewe serikali ilishaipiga marufuku tangu Juni 2019, lakini nilikuwa na rambo moja nimeificha juu ya kabati bila kujua naificha kwa ajili gani. Nikajua siku hiyo. Nikalala kitandani, mpwa akavuta, nikashusha pumzi yote, zipu ikapanda. Kusimama nikasimama. Kuinama, tukakubaliana nisiiname. Viatu nilivishwa kama bwana harusi.

Tukafika ukumbini, hapo karibu na Msamvu. Mlangoni tu nikajua. Yaani unajua ile unaingia mahali na mwili unakwambia baba, rudi nyumbani? Kila mwanamke kavaa gauni la kung'aa kama samaki ametoka maji sasa hivi. Wanaume makoti yenye kola za kumeta. Shemeji yangu kavaa tai ambayo ukiitazama taa ikiipiga lazima ufumbe jicho moja. Vitambaa vya meza vinang'aa. Keki inang'aa. Mama watoto naye, kumbe alikuwa amejishonea, kavua koti lake mlangoni nikadhani nimeoa kinara cha kanisani. Katikati ya hayo yote niko mimi, koti jeusi la mazishi juu, na chini miguu miwili ya rangi ya ugoro kama njiti zimechomekwa kwenye kiazi.

MC ana macho mabaya yule. Akasema kwenye spika, "Naona baba mdogo leo kaja na miguu yake yote miwili." Ukumbi ukaanguka.

Lakini hiyo ilikuwa bado supu. Nyama ikaja kwenye zawadi. Mnajua utaratibu, zawadi haipelekwi kimya, lazima mpite mstari mnacheza. Ukafika upande wetu. Mimi nimebeba ndoo mpya yenye sufuria ndani, mama watoto kabeba blanketi. Nikacheza kwa mabega tu, kwa tahadhari, kama mtu mwenye jipu. Tukafika mbele. Nikatakiwa kuiweka ndoo chini. Chini. Nikasahau tulikubaliana nisiiname. Na DJ, sijui nilimkosea nini mtoto wa watu, ndiyo sekunde aliyochagua kukata muziki abadilishe wimbo.

Traaa.

Ndiyo sauti pekee iliyosikika ndani ya ukumbi ule wa watu mia tatu. Mshono ulifunguka kutoka kwenye mkanda mpaka mahali ambapo gazeti hili haliwezi kupachapisha. Bibi harusi mtarajiwa aliziba mdomo kwa shada la maua. Mama watoto akanitupia mtandio bila kunitazama, kama unavyomtupia mtu usiyemjua. Nikarudi kinyumenyume, huku nikitabasamu, mpaka mgongo ukagusa ukuta wa mwisho kabisa, kule kwenye meza ya karibu na jenereta ambako huwa wanakaa waliochangia elfu hamsini.

Huko nikamkuta Mwalimu. Mwalimu mstaafu, mzee wetu wa mtaani, kafundisha nusu ya mji huu Kiingereza na nusu nyingine haikumsikiliza. Mimi nipo kwenye hiyo nusu ya pili.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Karibu, kaa."

"Nitasimama, Mwalimu."

Akauliza kulikoni. Nikamwonyesha kadi. Akaiangalia, akautazama ufa, akalisoma neno, akaniangalia miguu. Akavua miwani. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka mtu wa jenereta akaja kuuliza kama mzee anaumwa.

"Kijana," akasema. Nina miaka hamsini na mbili, lakini kwake mimi kijana. "Hii siyo skintaiti. Ni scintillating. Ufa wako umekula l mbili na a moja. Na s na c zikikaa mbele ya i, zote mbili zinatoa sauti moja tu, kama mtu na mkewe mbele ya wageni."

"Maana yake?"

"Kumetameta. Kumeremeta. Walitaka mje na vya kumeremeta."

Herufi kumi na tatu! Nilizihesabu kwa vidole palepale. Herufi kumi na tatu kumwambia mtu avae cha kumeremeta, wakati sisi tunayo meremeta, tunayo metameta, memeteka, ng'ara, ng'aa. Hata mdudu tumempa jina, kimetameta, mwingine anamwita kimulimuli, anapita usiku na taa yake matakoni, hana kadi wala kamati. Nikamwita mwenyekiti wa kamati alipokuwa anapita na sahani. Nikamwambia mheshimiwa, si mngeandika tu njooni mmemeremeta? Akasema, "Haina uzito, baba mdogo." Akanitazama chini. Akaondoka na kuku wake.

Mwalimu bado alikuwa hajamaliza. Hawa walimu wastaafu ukiwagusa umewasha redio. Akaniambia neno lenyewe asili yake ni Kilatini, scintilla, na maana yake ni cheche.

"Cheche ya moto?"

"Cheche ya moto. Ile inayoruka mhunzi akigonga chuma. Waingereza wakaanza kulitumia karne ya 17. Kwanza kitu kinatoa cheche, baadaye kitu kinameta tu, baadaye mpaka mtu mwenye maneno matamu wanasema ni scintillating. Na mawakili nao wana lao, wakitaka kusema hakuna ushahidi hata chembe, wanasema hakuna scintilla ya ushahidi."

Nikajisemea, kwa upande wangu ushahidi upo, na umefunikwa na mtandio wa mke wangu.

"Geuka nyuma," akasema. Nikamwambia kugeuka siwezi, mwenyewe anajua. "Basi tazama juu ya mlango." Kulikuwa na zile nyuzi za kumeta za Krismasi, zile zinazoning'inia kama ndevu za mbuzi, watu wa mapambo walikuwa wamezitundika kila kona. "Kwa Kiingereza hizo ni tinsel. Ni neno lilelile."

Nikadhani ananitania. Akachukua kitambaa cha karatasi, akachomoa kalamu mfukoni, maana mwalimu hata akistaafu kalamu haistaafu. Akaandika scintilla. Chini yake akaandika stincilla. Akaniambia watu walivyokuwa wanalisema kila siku mitaani, c na t zikabadilishana viti. Wafaransa wa kale wakalipokea hivyohivyo, wakalifanya estincelle. Waingereza wakalichukua kwa Wafaransa, wakalikata kichwa, likabaki tinsel. Karne ya 15 hiyo. Na mwanzoni ilikuwa kitu cha maana, kitambaa kilichofumwa na nyuzi za dhahabu au fedha, hakivai mtu wa meza ya jenereta. Baadaye ikawa bati jembamba. Baadaye ikawa kila kitu kinachong'aa bila thamani.

"Kwa hiyo neno limeshuka cheo," nikasema.

"Limeshuka."

Nikafarijika kidogo. Si mimi peke yangu.

"Na kuna ndugu yao wa tatu," akasema, "huyo unamjua. Umeshikana naye mikono." Akaandika neno jingine kwenye karatasi. Stencil.

Stensili! Nilishtuka mpaka nikasikia mshono unaongeza sentimita mbili.

Kwa vijana wa leo mnaosoma hapa kwenye simu zenu zisizo na ufa, stensili ni hivi. Kabla ya hizi mashine za kutoa kopi kila kona, mtihani wa shule ulipigwa kwenye karatasi ya nta. Katibu muhtasi anaondoa utepe wa wino kwenye taipureta, au anaushusha, ili herufi zenyewe, chuma kitupu, zikate nta. Kila herufi inakuwa tundu. Akikosea anapaka dawa nyekundu yenye harufu ya rangi ya kucha, anapuliza, anapiga tena. Kisha karatasi hiyo inavikwa kwenye pipa la mashine ya saiklostaili, wino ndani, unazungusha mkono, wino unapenya kwenye matundu, mtihani unatoka upande wa pili bado unanuka. Mwalimu anasema mtu aliyezitajirisha ofisi za dunia kwa mashine hizo alikuwa David Gestetner, mzaliwa wa Hungaria aliyefanyia kazi London miaka ya 1880. Sisi hatukumjua Gestetner. Tulimjua mwalimu wa zamu.

Mwaka 1988, kidato cha pili, mimi ndiye nilichaguliwa kuzungusha mkono wa mashine. Sikuchaguliwa kwa uaminifu. Nilichaguliwa kwa sababu mwalimu alisema, na ninamnukuu kwa kumbukumbu yangu mbaya, huyu hata akiusoma mtihani hautamsaidia. Nikaona niwaonyeshe. Stensili zilizotumika zilitupwa kwenye pipa la takataka nyuma ya ofisi. Usiku nikaenda nikachomoa moja, nikaikunja, nikaiingiza ndani ya shati. Nikaenda bwenini nikaisoma kwa tochi, nimeinyanyua mbele ya mwanga, matundu yanameta. Aisee, ilikuwa inapendeza. Kila herufi inawaka kanukta kadogo ka mwanga, kama mji wa Morogoro ukiutazama usiku kutoka Morningside. Nikakariri maswali yote mpaka alfajiri.

Asubuhi mstarini mkuu wa shule akasema kila mtu anyooshe mikono. Shule nzima ikanyoosha. Mikono yote ya rangi ya binadamu, isipokuwa miwili. Tumbo nalo, nilipovuliwa shati, lilikuwa limechapwa mtihani wa Jiografia, tena kwa kugeuzwa, ungeweza kuusoma kwa kioo. Na ubaya zaidi, ulikuwa wa kidato cha nne. Nikachapwa kwa kuiba mtihani ambao haukuwa wangu, na wangu nikafeli.

Kwa hiyo neno hili na mimi tunafahamiana tangu zamani. Lilikuja na jina jingine tu.

Nikamwuliza Mwalimu, cheche inageukaje kuwa karatasi ya nta? Akasema Wafaransa walikuwa na kitenzi cha kupamba kitu kwa madoadoa ya kumeta, kama kitambaa chenye nyota nyota. Kikavuka kwa Waingereza kikawa kupamba kwa rangi za kung'aa. Kisha watu wakaona kuliko kuchora ua moja moja ukutani, kata umbo lake kwenye karatasi, weka ukutani, paka rangi juu. Karatasi yenye matundu ikarithi jina la pambo. Ofisi zikairithi karatasi. Nami nikairithi wino tumboni.

"Lakini usijione umeonewa," Mwalimu akasema. "Stensili imewatia matatani watu wenye akili kukupita." Akavuta kiti karibu. Na hapa jamani, nikasahau hata suruali.

Akanisimulia habari za chuoni Mlimani, Dar es Salaam. Novemba 1969 wanafunzi wa pale walianzisha jarida, wao ni wa chama kimoja cha wanafunzi wanamapinduzi wa Kiafrika, USARF, ambacho mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa kijana wa Uganda anayeitwa Yoweri Museveni. Ndiyo, huyohuyo. Wahariri walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, yule mama aliyekuja kuwa Waziri wa Fedha. Walter Rodney aliandika humo. Mwaka 1970 Issa Shivji akaandika humo makala ndefu kuhusu mapambano ya kitabaka ya kimyakimya hapa nchini, mpaka likatoka toleo maalumu. Na jarida hilo halikuwa la kiwandani. Lilipigwa taipu kwenye stensili, likazungushwa kwa saiklostaili, likabanwa pini.

"Sasa niulize lilikuwa linaitwaje," Mwalimu akasema.

"Liliitwaje, Mwalimu?"

"Cheche."

Akakaa kimya anisubiri. Mimi ni mzito, mnanijua, nikachukua muda. Scintilla ni cheche. Stensili ni mtoto wa scintilla. Na hawa vijana wakaichapa Cheche kwa stensili.

"Cheche kwa cheche!" nikapiga kelele. Watu watatu wakageuka.

"Na sidhani kama walijua," Mwalimu akasema, anafurahi kama yeye ndiye aliyelipanga. Wao jina walilipata kwingine. Lenin alikuwa na gazeti lake tangu 1900, Iskra, Kirusi cha cheche. Nkrumah naye kule Ghana alikuwa na lake, The Spark, cheche hiyohiyo. Vijana wakatafsiri. Novemba 1970, mwaka mmoja tu, serikali ikapiga marufuku jarida na chama pamoja, na jina nalo lilitajwa kwenye makosa, kwamba limeazimwa ugenini wakati nchi inajenga ujamaa wake yenyewe. Wenzao wa Umoja wa Vijana wa TANU pale chuoni wakaendelea na jingine, wakaliita Maji Maji. Moto umekatazwa, wakaleta maji.

Mimi kilichonichoma ni kitu kimoja. Nikamwuliza, humo ndani waliandika kwa lugha gani? Akasema mara nyingi kwa Kiingereza.

Yaani wasomi wa Mlimani waliandika jarida la Kiingereza, wakalipa jina la Kiswahili kila muuza karanga alijue. Na sisi Morogoro, mji kasoro bahari, tuna sendofu ya Kiswahili, pilau la Kiswahili, matusi ya shangazi ya Kiswahili, halafu kadi tunaipa neno la Kilatini. Nikataka kumwita tena mwenyekiti nimweleze. Nikakumbuka siwezi kusimama mbele za watu.

Tukatoka saa sita na nusu usiku. Mama watoto alikuwa ameshaondoka na gari la dada yake, alisema halina nafasi. Niliona nafasi mbili. Nikatembea na Mwalimu, mtandio kiunoni, kama mzee anayetoka kuoga. Milima ya Uluguru imekaa myeusi, juu kule Bondwa taa za minara zinawaka, na usiku huo hakukuwa na ukungu. Mwalimu akaonyesha nyota. Akasema kule kukonyezakonyeza kwa nyota wataalamu nao wanakuita kwa jina hilohilo la cheche, na kumbe nyota yenyewe haikonyezi, ni hewa yetu ya huku chini inayotikisika na kuupinda mwanga. Nikamwambia Mwalimu, tafadhali, kwa leo inatosha.

Lakini sikumweleza habari ya ulanga, nawaeleza nyinyi. Nikiwa mdogo kwa bibi kule milimani, njia ya kwenda mtoni ilikuwa inametameta jua likitoka. Vipande vyembamba kama kioo, unavimenya kwa ukucha, gamba baada ya gamba. Nilijua ni utajiri. Nilijaza mifuko yote miwili ya kaptura, nikateremka mjini na mjomba, nikamtoroka, nikaingia kwa sonara nikamwaga kila kitu juu ya kioo chake. Mzee wa watu akakichukua kipande kimoja, akakitazama, akakipuliza kikaruka. Akasema, "Huu ulanga, mtoto. Wanaweka ndani ya pasi ya umeme." Wakoloni waliuchimba Uluguru wakausafirisha kwa ajili ya mambo hayo, maana haushiki umeme wala hauogopi joto. Mimi nilikuwa nimeshamwahidi bibi nyumba ya bati. Sonara akanipa ufagio nifagie kioo chake.

Basi. Kesho yake nikapeleka modo kwa fundi cherehani, Mji Mpya. Akaipanua, akaitazama, akasema mshono haushikiki, kitambaa kimechanika chenyewe, lazima kiraka. Nikamwambia weka chochote ulichonacho, nina elfu mbili. Jioni nikaifuata imekunjwa vizuri ndani ya gazeti. Nikampelekea mpwa wangu. Akaifungua. Akaigeuza. Akanyamaza kama mtu aliyepokea barua ya mahakama.

Fundi wiki hiyo nzima alikuwa anashona magauni ya ile sendofu. Vipande vilivyobaki mezani kwake vilikuwa vya aina moja tu.

"Anko," kijana akasema, "baki nayo."

Ninayo. Naivaa nikienda dukani usiku, sina nyingine, na sasa imelegea. Juzi natembea pembeni ya barabara kutoka kwa Mangi, nyuma yangu bodaboda. Taa ikanipiga. Bodaboda akapunguza mwendo, akanifuata polepole kama hatua ishirini, mwisho akasogea ubavuni.

"Mzee wangu," akasema, "hiyo riflekta ya nyuma umenunua wapi? Na mimi nataka."